Nani Atasema Inatosha?

Mjomba wangu alikufa kwa sababu ya mkwaruzo. Ndiyo sentensi tuliyoenda nayo kaburini, na bado hatujaizoea. Jumamosi alikuwa anamsaidia jirani kuezeka, bati likamkata mguu chini ya goti. Akaosha kwa maji, akafunga kitambaa, akarudi juu ya paa. Jumatano alikuwa anatetemeka kwa baridi na nje jua linawaka. Alhamisi alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia, na alikuwa anamwita mke wake kwa jina la mama yangu, dada yake. Jumapili iliyofuata hakuwepo tena.

Kwenye matanga kila mtu alikuja na mshukiwa wake. Wengine walisema ni yule jirani, kwamba bati lake lilikuwa na kutu na kitu kingine zaidi ya kutu. Wengine walilaumu mahali pa kwanza alipopelekwa, ambapo alipewa dawa za maumivu na kuambiwa aende akapumzike. Anti alijilaumu mwenyewe: ningempeleka Jumanne, ningempeleka Jumanne. Alirudia hilo mpaka likawa kama pumzi.

Mimi ndiye niliyekuwa nimeongea na daktari wa ICU, kwa sababu katika familia kazi ya kusoma karatasi za hospitali ni yangu. Nilimuuliza swali la kitoto: ni mdudu gani aliyemuua? Akanijibu polepole, kama mtu ambaye ameshalijibu mara nyingi. "Mdudu tulimpata, na dawa ilikuwa inamweza. Kufikia Ijumaa hatukuona bakteria kwenye damu yake. Kilichoendelea ni mwili wake wenyewe. Ulikataa kunyamaza."

Sikuwaambia watu wa matanga maneno hayo. Ungeanzia wapi? Umwambie mjane kwamba aliyemuua mumewe ni mumewe?

Jina la kitu kile ni sepsisi. Mwaka 2016 wataalamu walikubaliana tafsiri yake mpya: ni pale viungo vya mwili vinapoanza kufeli, kiasi cha kuhatarisha maisha, kwa sababu mwili umejibu maambukizi kwa njia iliyovurugika. Isome tena. Bakteria wametajwa, lakini kitenzi kikuu ni cha mwili. Na si jambo dogo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalisema kwamba katika mwaka 2017 pekee watu karibu milioni 49 walipata sepsisi duniani na milioni 11 walikufa, yaani kifo kimoja katika kila vifo vitano. Watu wengi namna hiyo, na wengi wetu hatujawahi kusikia hilo neno mpaka siku liandikwe kwenye karatasi ya mtu wetu.

Ili nielewe ilibidi nirudi kwenye usiku mmoja nikiwa kidato cha pili.

Nduru ilipigwa kwenye ploti yetu. Kama umekulia mtaani Nairobi unaijua nduru. Haisemi kimetokea nini, haisemi ni nani. Inasema tu: toka nje. Nilitoka. Sikujua mwizi ni yupi wala ameiba nini, na tayari nilikuwa nimeshika jiwe. Hilo jiwe ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, vile lilifika mkononi kabla wazo halijafika kichwani. Kijana alikuwa chini, karibu na mtaro, mikono juu ya kichwa. Nikasikia mtu anatumwa petroli.

Halafu mama mboga wa pale kona akapenya na leso yake na ndala, akasimama katikati. Hakusema kijana hana makosa. Alisema, "Ameshikwa, amepigwa. Inatosha." Sauti moja ya nyuma ikamuuliza, "Kwani mama, wewe uko upande gani?"

Mwili nao una nduru. Katika ngozi na nyama kuna seli za ulinzi zinaitwa makrofaji. Zikigusa kipande cha ganda la bakteria, zinatoa protini ndogo ndogo za kupeleka habari, saitokini. Maarufu kati yao ni ile inayoitwa kwa herufi tatu, TNF, pamoja na interlukini 1 na interlukini 6. Hizi zenyewe hazimuui bakteria. Zinapiga nduru. Mishipa ya damu iliyo karibu inatanuka na kuanza kuvuja, ili seli nyeupe ziweze kupita. Ubongo unapandisha joto. Damu inaanza kuganda pale pale, kufunga njia. Ndiyo maana kidonda kikiingia uchafu kinakuwa chekundu, kinavimba, kinauma na kina moto. Hiyo ni kazi nzuri.

Sasa chukua kila kitendo kati ya hivyo ukifanye mwili mzima kwa wakati mmoja. Mishipa ikitanuka kila mahali, presha inaanguka. Ikivuja kila mahali, maji yanaingia kwenye mapafu na mtu anahema. Damu ikiganda kwenye mishipa midogo midogo, figo zinakosa damu na mkojo unakatika. Hakuna seli iliyoasi. Kila moja ilisikia nduru ikafanya ilichofundishwa, kama mimi na jiwe langu. Daktari Mmarekani Lewis Thomas alishaliona hili mwaka 1972, alipoandika kwamba mara nyingi ugonjwa wenyewe ni jibu letu kwa bakteria kuliko bakteria mwenyewe.

Ukifika hapo unavutiwa na jibu rahisi: basi nduru ni mbaya, tuizime. Wakubwa wetu walishatuambia hasira hasara.

Lakini kuna panya wa maabara walioleta matata kwa jibu hilo. Panya hao walizaliwa na kasoro: ukiwadunga sumu ya ganda la bakteria, kiasi cha kuwaua panya wengine kwa mshtuko, wao wanaendelea kula kama hakuna kitu. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler, huko Marekani, lilionyesha kwamba jeni yao moja imeharibika, ile inayotengeneza kipokezi cha kuitambua hiyo sumu. Beutler alikuwa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2011 kwa kazi ya aina hiyo. Panya wasiokasirika, sivyo? Ungesema ni watakatifu. Ila wape bakteria hai, Salmonella kwa mfano, hata wachache. Wanakufa haraka, wakati wenzao wenye hasira wanapona. Aliyeepuka kuuawa na nduru yake anauawa na mwizi, kwa sababu hakuna aliyeamka.

Kwa hivyo haisaidii kuuliza kama hasira ni nzuri au mbaya. Maswali yenye maana ni ya kiasi, ya mahali na ya muda. Na hayo yana shida moja: huwezi kuyajibu ukiwa umekaa nje.

Binadamu wamejaribu. Miaka ya 1980 watafiti waliona kwamba wakimpa nyani kinga dhidi ya TNF kabla ya kumdunga bakteria, nyani hafi kwa mshtuko. Furaha ilikuwa kubwa, na kampuni zikaingia kazini. Mwaka 1996 matokeo ya jaribio moja yakachapishwa: wagonjwa 141 wenye mshtuko wa sepsisi, wengine walipewa dawa ya kunasa TNF kwa viwango tofauti, wengine dawa bandia. Kati ya waliopewa bandia walikufa karibu asilimia 30. Kati ya waliopewa dozi kubwa kabisa walikufa zaidi ya nusu. Dawa ilifanya ilichoahidi, ikaziba mdomo wa anayepiga nduru, na watu wakafa zaidi. Mgonjwa wa kweli si nyani wa maabara aliyedungwa saa ngapi inajulikana. Anafika hospitali siku ya tano, kwa matatu, bakteria bado wako hai ndani yake, na hakuna anayejua nduru yake iko hatua gani.

Kitu ambacho hatukufundishwa darasani, au labda nililala, ni kwamba mwili una sauti zake za kusema inatosha. Nyingi. Zimeanza kazi kabla daktari hajafika.

Kuna interlukini 10. Inatoka mara nyingi kwenye seli zile zile zilizopiga nduru, saa kadhaa baadaye, na kazi yake ni kuziambia zipunguze sauti. Panya wasio nayo wanauawa na kiasi kidogo cha sumu ambacho wengine wanakimudu. Kuna kotisoli, ambayo tezi zilizo juu ya figo zinaimwaga mwili ukiwa taabani. Tunaijua kama homoni ya stresi na tunaitukana mitandaoni, kumbe moja ya kazi zake ni kuzuia kinga isivuke mpaka. Halafu kuna neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo ikipita shingoni hadi tumboni. Mwaka 2000 kundi la Kevin Tracey huko New York lilionyesha kwa panya kwamba ukiisisimua neva hiyo kwa umeme, makrofaji zinapunguza kutoa TNF na presha haianguki vile ilivyotarajiwa. Neva inasema na kinga kwa kutumia asetilikolini, molekuli ile ile inayoambia misuli ijikunje.

Kilichonigusa zaidi ni molekuli ambazo Charles Serhan wa Boston na wenzake walizieleza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliziita rizolvini. Mwili unazitengeneza kutokana na mafuta ya aina inayopatikana kwa samaki (na kabla hujakimbilia omena, hapana, omena haitibu sepsisi). Zamani watu walidhani uvimbe unaisha kwa sababu umechoka, kama moto uliokosa kuni. Serhan akasema hapana, kutulia ni kazi. Kuna molekuli zinazotumwa kuziambia seli nyeupe mpya zisije, na kuziambia makrofaji ziache vita zianze kuzoa maiti na kusafisha uwanja. Amani ndani ya nyama yako haiji yenyewe. Inatengenezwa, na seli nyingi kati ya hizo zinazoitengeneza ndizo zilizokuwa zinapigana.

Hapa ndipo nilimkumbuka mama mboga, na lile swali aliloulizwa.

Uko upande gani. Tunaliuliza kila siku. Mtu akisema kwenye grupu la WhatsApp kwamba tumemtukana fulani vya kutosha, tunamuuliza. Mzazi akimwambia mwenzake kwamba mtoto amechapwa inatosha, anaulizwa. Tunachukulia kwamba anayeshika mkono wa mpigaji amesimama na anayepigwa. Lakini interlukini 10 haiko upande wa bakteria. Kotisoli haijahongwa. Ziko upande wa mwili, na mwili ni zaidi ya vita vyake. Mama mboga naye alikuwa upande wetu. Alituona kesho yake asubuhi, sisi watu thelathini, tukipanga foleni kwake kununua sukuma wiki tukiwa tumemchoma mtoto wa mtu.

Ningependa kumalizia hapo. Ingekuwa insha safi. Ila kuna mambo mawili yanaikataa.

La kwanza, inatosha nayo inaua. Wagonjwa wengi wa sepsisi siku hizi hawafi siku za kwanza za moto. Wanafika ICU, wanavuka, halafu wiki ya pili au ya tatu wanachukuliwa na maambukizi ambayo mtu mzima angeyapuuza. Mwaka 2011 watafiti wa St. Louis, Marekani, walichapisha walichokiona walipochunguza wengu na mapafu ya watu 40 waliofia ICU kwa sepsisi. Walipozichokoza seli za wengu ili zitoe saitokini, kwa jumla zilitoa chini ya asilimia 10 ya zile za watu wasio na sepsisi. Sauti za kutuliza zilikuwa zimetawala mpaka hakuna aliyeweza kuamka tena. Kwa hivyo anayesema inatosha hawi sahihi kwa sababu tu amesema inatosha. Nchi hii imejaa watu wanaotuambia tusahau, tusonge mbele, amani amani, wakati kidonda bado kina usaha. Utulivu ulioitwa kabla ya wakati wake ni ugonjwa mwingine.

La pili linauma zaidi, kwa sababu mfano wangu una meno. Nimemlinganisha yule kijana na bakteria. Lakini bakteria hana mama. Yule kijana alikuwa seli ya mtaa wetu kama mimi. Kila mara jamii inapojiita mwili, kuna mtu anayepewa kazi ya kuwa mdudu. Jirani zetu wa Rwanda walishaona mwisho wa njia hiyo mwaka 1994, watu walipoitwa mende na majirani zao kabla ya kuuawa. Basi nauchukua mfano huu kwa nusu yake. Hauniambii lolote kuhusu anayepigwa ni nani. Unaniambia kuhusu anayepiga: kwamba nia njema, utii na haraka, zikizidishwa kwa watu thelathini, zinaweza kufanya jambo ambalo hakuna hata mmoja kati yao aliyelitaka.

Na si wapigaji tu. Wasaidizi pia. Jaribio lililonifundisha hilo lilifanyika hapa kwetu. Watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland, anayefanya kazi Kilifi, walikusanya watoto 3,141 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto walikuwa na homa kali na damu yao haifiki vizuri mwilini, wengi wakiwa na malaria. Kawaida ya vitabu ilikuwa kuwamiminia maji ya mshipa haraka haraka, ili presha ipande. Nani angebisha? Mtoto anazama mbele yako, unafanya kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Ndani ya saa 48, kati ya waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa karibu asilimia 10.6. Kati ya waliopewa maji polepole tu, ya kawaida, walikufa asilimia 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba mwili wa mtoto ulikuwa tayari umejipanga: adrenalini imebana mishipa, imeelekeza damu kidogo iliyopo kwenye moyo na ubongo. Maji yalipoingia kwa fujo, yaliuvuruga mpango huo.

Nafikiria madaktari na wauguzi waliokuwa wamefanya hivyo miaka yote kabla, kwa upendo. Hawakuwa na hatia ninayoweza kuitaja. Walisikia nduru. Lakini mtu mmoja alikubali kuuliza kama msaada wetu unasaidia, na kuuhesabu, hata kama jibu lingeaibisha. Hapo ndipo tunaachana na seli. Makrofaji haiwezi kuuliza. Haijui figo ziko, haijui kuna mtu anaitwa mjomba. Haiwezi kusimama pembeni ya jiwe lake na kujiuliza lilifikaje mkononi. Sisi tunaweza, na ndiyo sababu sisi tuna maadili na yenyewe haina. Utamlaumu nani kwa kifo cha mjomba? Seli hazilaumiki. Lakini usiku ule wa nduru, kama petroli ingefika mapema, nisingeweza kusema nilikuwa seli tu.

Petroli ilifika, kwa taarifa yako. Ilikuta watu wameanza kuingia ndani mmoja mmoja, wamechoshwa na kuangaliwa na mama mmoja. Kijana alipelekwa polisi kwa mkokoteni. Mama mboga hakusifiwa na mtu. Kwa wiki moja kuna watu waliokataa kununua kwake.

Mwaka huu tulifanya kumbukumbu ya mjomba. Anti alikuwa bado kwenye ile ya ningempeleka Jumanne. Safari hii nilikaa naye nyuma ya nyumba nikamweleza, bila majina ya molekuli. Nilimwambia mwili wa mumewe ulipigana mpaka ukapoteza breki, kwamba hakuwa mnyonge na hakurogwa. Sikumwambia kwamba Jumanne isingesaidia, kwa sababu huenda ingesaidia. Kila saa ina uzito kwenye sepsisi, na ingekuwa uongo kumwambia vinginevyo. Nilimwambia dalili: mtu mwenye maambukizi akianza kuhema, akichanganyikiwa, ngozi ikiwa baridi au na mabaka, mkojo ukikatika, usingoje asubuhi, na ukifika uulize wazi, je, hii inaweza kuwa sepsisi?

Alinisikiliza. Kisha akauliza, "Kwa hivyo alijiua?"

"Hapana, anti. Alikuwa anajilinda."

Akakaa kimya kidogo, anavuta nyasi moja moja. "Na hakukuwa na wa kumwambia inatosha?"

Nikamwambia walikuwepo, wengi, ndani yake, na walisema. Hawakusikika.

Akatikisa kichwa, akainuka kwenda kuangalia chai. Tangu siku hiyo sijamsikia akiitaja Jumanne, ila juzi alinipigia saa tano usiku. Mtoto wa jirani ana homa na anahema. Alikuwa ameshaita bodaboda.